Unguja Iliyo Nyuma ya Pwani

Wahenga walinena: usione vyaelea, vyaundwa. Walikuwa wakitaja vyombo vya baharini, lakini maneno yao yafaa pia kwa kisiwa kizima. Mtu aendaye Unguja zama hizi hupelekwa kwanza pwani. Huko Nungwi na Kendwa huwaona watu wakizamia kutazama matumbawe na samaki wa rangi. Paje huwaona vijana wakiteleza juu ya maji, wakivutwa na tiara kubwa zilizoshiba upepo. Na Kizimkazi hupakiwa mashuani asubuhi na mapema kwenda kuwatazama pomboo. Hayo yote ni ya furaha, wala hapana lawama kwa mtu kustarehe katika bahari aliyoiumba Mola. Lakini mtu akirudi kwao na mchanga wa viatuni peke yake, kisha akasema, “Nimekwisha iona Unguja,” huyo amekiona chombo kikielea, wala hakumjua aliyekiunda.

Sisi Waislamu wa Uganda, na ndugu zetu wa nchi nyingine zinazoyazunguka Maziwa Makuu, tuna sababu kubwa ya kukijua kisiwa hicho ndani na nje. Dini yetu, Kiswahili tunachoandikia maneno haya, kanzu tuzivaazo na maulidi tuyasomayo, mengi katika hayo yalipita Unguja kabla ya kutufikia. Kwa hiyo, katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa jumuiya yetu, naomba ruhusa ya msomaji nimshike mkono, tuiache pwani nyuma yetu, tuingie ndani ya kisiwa. Si yote tutakayoyaona yatakuwa ya kujivunia. Lakini mrithi mwema hupokea urithi pamoja na deni lake, wala hachagui kimoja akakikana cha pili.

Tuanze Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, kwa sababu huko wageni wengi hupita bila ya kujua wapitapo. Karibu na ufuko wa Dimbani, zinakoondokea mashua za pomboo, pana msikiti mdogo wenye paa la bati, usio na umbo la kumsimamisha mpita njia. Lakini mtu akiingia kwa adabu na kutazama kibla chake, ataona maandishi ya Kiarabu kwa khati ya Kikufi, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe kwa ustadi mkubwa. Maandishi hayo yalitaja mwezi wa Dhulqaada, ambao sisi twauita Mfungo Pili, wa mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa Miladi, na yalimtaja Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad kuwa ndiye aliyeamuru msikiti ujengwe. Kuta nyingi zilizosimama leo ni za matengenezo ya karne ya 18, lakini maandishi ni yale ya kale. Tafakari, ewe msomaji: jiwe hilo lilipochongwa, ilikuwa imepita miaka minane tu tangu watu wa Vita vya Msalaba kuiteka Jerusalem katika mwaka 1099. Na hata leo mwadhini huadhini pale pale, na wavuvi huacha nyavu zao wakaja kusali.

Wala Kizimkazi siyo mwanzo. Kutoka hapo tukielekea kaskazini, katika ghuba ya Menai, twafika kijiji cha Unguja Ukuu. Leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima, lakini jina lake lenyewe linashuhudia kuwa kilikuwa kikubwa zamani. Wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua huko vigae vya vyombo vilivyotoka Uajemi na hata China, pamoja na vioo na shanga, wakathibitisha kuwa palikuwa na mji wa biashara uliostawi tangu karne ya 7 hata ya 10. Katika karne ya 19 ilipatikana huko sarafu ya dhahabu ya zama za Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad. Lakini kitu kilichonigusa mimi zaidi si dhahabu. Sehemu kubwa ya vyungu vilivyofukuliwa ni ya udongo wa huku kwetu, vilivyotiwa nakshi ya pembe tatu, na vya namna ile ile vilikutwa pwani nzima ya mrima na hata ndani ya bara. Maana yake ni kwamba waliokaa mji huo hawakuwa wageni watupu waliotupwa na mawimbi. Walikuwa watu wa Afrika hii, waliojua kufinyanga, kuvua, kulima na kupokea wageni.

Tukitaka kwenda nyuma zaidi, ipo pango la Kuumbi karibu na Jambiani, mwendo mfupi tu kutoka fukwe za michezo. Humo ilikutwa mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wasiopatikana tena Unguja, na dalili za watu walioishi humo yapata miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo maji ya bahari yalikuwa chini, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Basi hata ardhi yenyewe yatukumbusha kuwa kisiwa na bara ni ndugu, bahari iliingia kati baadaye.

Upande wa kaskazini magharibi kipo kisiwa kidogo cha Tumbatu, chenye magofu ya msikiti na majumba ya mawe mahali paitwapo Makutani. Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, alikitaja kisiwa hicho katika kitabu chake, akaeleza kuwa watu wake ni Waislamu. Kwa hiyo, mtu akisema kuwa Uislamu wa visiwa hivi uliletwa na masultani wa Oman katika karne ya 19, mjibu kwa upole kuwa masultani waliikuta misikiti imekwisha zeeka.

Na waliwakuta pia wenye nchi. Katikati ya kisiwa, katika njia iendayo Chwaka, yapo magofu ya jumba la Dunga, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Hapo alikaa Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, Wahadimu, waliomtii kwa desturi za kale. Ngoma zake za enzi zilizochongwa kwa nakshi, pamoja na siwa yake, zilihifadhiwa baadaye katika jumba la makumbusho mjini. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865, na mwanawe Ahmed akafariki mwaka 1873, na baada yake kiti hicho hakikukaliwa tena. Enzi yao ilikwisha kidogo kidogo, kama mshumaa. Mtawala wa Dunga aliachiwa jina na heshima, lakini alitakiwa kuwatoza watu wake kodi na kuwatoa kwa kazi, na nguvu yenyewe ilikuwa imekwisha hamia mjini kwa Sayyid.

Sayyid Said bin Sultan wa Oman alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, akaipenda, na hata kufika mwaka 1840 alikuwa ameifanya makao yake makuu. Alikuwa mtawala mwenye akili ya biashara. Mikarafuu ilikuwa imekwisha letwa kisiwani mwanzoni mwa karne hiyo, naye akahimiza ipandwe kwa wingi, hata yaelezwa kuwa aliagiza mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mashamba yakaenea magharibi na katikati ya kisiwa, penye udongo mwekundu mzuri na mvua nyingi. Huko Kidichi, juu ya kilima, mwaka 1850 alimjengea mkewe, binti wa ukoo wa wafalme wa Uajemi, hamamu yenye nakshi za maua na ndege kwa chokaa. Hamamu hiyo ipo hata leo.

Hapa ndipo fumbo la pwani linapofumbuka. Karafuu ilipotwaa ardhi nzuri ya magharibi, wenyeji wengi walibaki, au walisogezwa, mashariki na kusini, katika nchi ya mawe ya matumbawe, ambako jembe hugonga jiwe kabla ya kugonga udongo. Wakaishi kwa uvuvi, kusuka makumbi, kuchoma chokaa na kulima mihogo na mtama katika mifuko ya udongo iliyo baina ya mawe. Paje, Jambiani na Makunduchi ni vijiji vya watu hao. Hata tangu mwaka 1989, wanawake wa pwani hiyo walipoanza kulima mwani kwa ajili ya kuuza ng’ambo, walikuwa wakiendeleza desturi ile ile ya kuitafuta riziki mahali ambapo wengine hawakuitaka. Na leo ufuko ule ule uliodharauliwa, kwa kuwa hauoti karafuu, ndio unaotafutwa kwa fedha nyingi ili ijengwe hoteli. Mgeni aonapo mwanamke amesimama kwenye maji ya magotini akifunga mwani katika kamba, na kijana wa kigeni akipita nyuma yake juu ya ubao, ajue kuwa amekutana na miaka 200 ya historia katika tazamo moja.

Sasa tumefika penye maneno mazito. Mikarafuu ile haikupandwa na masultani, wala haikuchumwa na wenye mashamba. Ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa, na watumwa hao waliletwa kutoka bara: kutoka Nyasa, Umanyema, Uyao na nchi nyingine nyingi. Maelfu kwa maelfu walipitishwa sokoni Mkunazini, wengine wakabaki Unguja na Pemba, wengine wakapelekwa Arabuni na kwingineko. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata, Juni 1873, Sayyid Barghash bin Said, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko. Mwaka huo huo Wakristo wa misheni ya Kiingereza waliweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali pale pale pa soko. Hata hivyo biashara haikufa siku hiyo. Huko Mangapwani, kaskazini mwa mji, kipo chumba kilichochongwa ardhini katika mwamba wa matumbawe, ambamo yaelezwa kuwa watumwa walifichwa baada ya soko kufungwa. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja mpaka mwaka 1897. Mtu akiteremka ngazi za chumba kile na kusimama gizani, hatapata haja ya kuhubiriwa.

Je, haya yatuhusu nini sisi wa bara? Yatuhusu sana. Katika mwaka 1844, mfanyabiashara aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Pili wa Buganda. Wazee wetu walisimulia kuwa alimwona Kabaka akiamuru watu wauawe, akasimama mbele yake akamwambia kuwa watu hao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, wala si halali kuwamwaga damu bila ya haki. Kabaka hakumwadhibu, alitaka kujua zaidi juu ya huyo Mungu, akafundishwa sura kadhaa za Qur’ani. Hivyo ndivyo neno la dini lilivyoingia Buganda, nalo likaota mizizi, hata katika mwaka 1876, zama za Kabaka Mutesa, Waganda Waislamu walikubali kuuawa kuliko kuiacha dini yao. Twamkumbuka Ahmed kwa heshima, na twastahili kumkumbuka.

Lakini Ahmed hakuja kwa ajili ya kufundisha tu. Misafara iliyotoka pwani ilikuja kutafuta pembe za ndovu, ikaleta nguo, shanga na bunduki, na mingi katika hiyo ilirudi na watu. Wala tusiwatwike wapwani peke yao mzigo huo. Wakubwa wetu wenyewe wa bara waliwateka jirani zao vitani, wakawauza kwa bunduki na nguo. Msafara mmoja uliweza kubeba Msahafu na mnyororo katika njia moja. Hiyo ndiyo kweli ya historia yetu, nayo ni chungu. Yuko atakaye kusoma Msahafu peke yake akaufumbia macho mnyororo. Na yuko atakaye kuuonyesha mnyororo peke yake ili aitukane dini. Wote wawili wamesoma nusu ya ukurasa. Dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara na ibada haiwezi kutetewa kwa kuficha, itatetewa kwa kusema kweli.

Na jambo la ajabu katika hikima ya Mwenyezi Mungu ni hili, kwamba waliobeba dini kwenda mbali mara nyingi walikuwa ni wale wale waliobebeshwa mizigo. Ng’ambo ya Unguja, huko Bagamoyo, aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa katika nchi ya Wamanyema, mashariki mwa Congo, akaletwa pwani akiwa mtoto mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na watu huru na waliokuwa watumwa wakaketi pamoja mbele yake, mpaka alipofariki mwaka 1931. Tarika hiyo ilikuwa imehuishwa Unguja na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, naye aliuawa mwaka 1909, nayo ikaenea bara kwa njia zile zile za misafara, ikafika hata Ujiji na Umanyema. Katika zikiri hapakuulizwa nani alikuwa bwana wa nani.

Huko mjini Unguja kwenyewe, penye vichochoro ambavyo mgeni hupita akinunua vinyago, palikuwa na taa nyingine. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu, alisomesha katika madrasa yake mtaa wa Ukutani. Na Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa kadhi aliyesifiwa kwa elimu na uadilifu. Wawili hawa walikuwa marafiki, na wote walifariki mwaka mmoja, 1925. Wanafunzi waliwajia kutoka pwani yote, miongoni mwao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, ndiye aliyetuachia tafsiri kamili ya Qur’ani kwa Kiswahili, iliyotimia mwaka 1969, na katika misikiti mingi ya bara hiyo ndiyo iliyotufumbua macho. Na Kiswahili chenyewe kisanifu, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, kilijengwa juu ya Kiunguja. Hata tunapolumbana sisi kwa sisi, twalumbana kwa ulimi wa kisiwa kile.

Naomba sasa nitaje jambo la nyumbani kwetu. Nilipokuwa mdogo nilimsikia bibi yangu akisema mbele ya wageni, “Sisi asili yetu Unguja.” Alisema hivyo kwa fahari, na sisi watoto tukajiona kama wana wa majumba yenye milango ya misumari. Hata alipokuwa mzee sana, usiku mmoja, aliniita peke yangu akaniambia kuwa babu yake alikuwa mtoto wa Kimanyema, alitekwa, akapelekwa pwani, akalelewa shambani Unguja akichuma karafuu. Huko ndiko alikojifunza Qur’ani kwa kusikiliza nje ya dirisha la chuo. Alipoachwa huru alirudi bara akiwa pagazi, na mzigo wa watu kichwani, na Juzuu Amma moyoni. Ndiye aliyeadhini kwa mara ya kwanza katika kijiji chetu. Bibi aliniomba nisiseme, kwa kuwa aliona haya. Nimekaa na siri hiyo miaka mingi. Leo nasema, nami naomba radhi ya marehemu, kwa kuwa naona aibu si yetu. Kijana yule alinyang’anywa kila kitu, kisha akarudi na kitu bora, akawagawia watu bila ya bei. Kama hiyo si fahari, basi sijui fahari ni ipi.

Naamini nyumba nyingi miongoni mwetu zina kisa kama hicho, kimefunikwa kwa neno moja, “Unguja”. Na walio nacho wanakwisha. Vitu vya mawe navyo vinakwisha. Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka mchana watu wakitazama, na roho za watu zikapotea. Ikiwa jumba kubwa la kifalme liliweza kuanguka mbele ya macho ya ulimwengu, itakuwaje kumbukumbu ya pagazi asiye na kaburi lenye jina?

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa jumuiya yetu. La kwanza, vijana wetu waendapo Unguja, nao watakwenda, waoge bahari na wafurahi. Lakini kabla ya kurudi wasali rakaa mbili Kizimkazi, wapite Dunga, wasimame Mangapwani, na wawaamkie wazee wa Jambiani kwa shikamoo, wawaulize habari za kijiji. La pili, kila nyumba ichukue daftari na iandike yale wanayoyajua wazee: nani alikuja, alitoka wapi, alikuja huru au alikuja amefungwa, nani alimfundisha alifu. Yaandikwe yote, matamu na machungu, bila ya kuongeza na bila ya kupunguza.

Chombo kinachotubeba hakikuundwa na mabaharia peke yao. Waliokata miti walikuwamo, waliochoma chokaa walikuwamo, na waliofungwa minyororo walikuwamo. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia, awalipe waliodhulumiwa, na atujaalie sisi tuwe warithi wasemao kweli. Amin.